Pipa Haipumue

"Saini!"

"Sisaini, Tata!"

"Weka saini pale, mi nakuambia! Mutu alitaka kuua dada yako, na weye unamufichia?"

"Simufiche! Angaria paka vile uliandika! 'Muuaji'! Moussa njo muuaji? Moussa ya apa, mwenye anakulaka bukari ku hii meza?"

"Mwenye kukula ku meza yako njo anajuaka fasi ya kukupiga!"

Tata Badibanga akapiga meza. Sahani ya samaki ya ndagala ikaruka, bic ya kuandikia ikavingirika mupaka chini, na bukari ya muhindi yenye mama Mushiya alikuwa ametoka kutia mu sahani ikabaki pale inatoa moshi, hakuna mutu anaigusa. Ilikuwa mardi, saa saba ya muchana, mwezi ya kumi, ile jua ya Kolwezi ya mbele ya mvula yenye inafanyaka hata imbwa inaona kubweka ni kazi. Mabati ya nyumba ilikuwa inalia yulu ya bichwa yabo: to! to! to!

Ntambwe alikuwa amesimama ngambo ingine ya meza, miaka yake kumi na kenda. Kasirani yake ilikuwa na siku mbili haijalala. Masomo alimaliza mwaka yenye kupita. Diplome eko nayo, iko mu sachet yulu ya kabati, inangojea kazi sawa mutu mwenye anangojea treni yenye ilisha kupita.

Ku meza, katikati ya bukari na ndagala, kulikuwa rapport. Si barua, rapport. Tata Badibanga alitumika miaka makumi mbili na sita mu usine ya acide, na kazi yake ilikuwa kuchunga batu ya équipe yake basiungue, basianguke, basikufe. Kila kitu kinaharibika, anaandika rapport. Alitoka ku kazi lakini kazi haikutoka ndani yake. Siku mama Mushiya aliungua mukono na mafuta ya moto, rapport. Siku mbuzi ya jirani ilianguka mu shimo ya choo, rapport, na croquis yenye alichora ya mbuzi. Quartier yote banamuita Tata Sécurité, na yeye akisikia vile anatembea polepole kidogo ili bamuite tena. Ku ukuta ya salon, yulu ya kiti yake, kaske yake nyeupe ya kuvaa ku kichwa ku kazi ilikuwa imetundikwa ku musumari, na kila dimanche anaipanguzaka na kitambaa mbele ya kuenda ku kanisa.

Hii rapport ilikuwa ya page mbili, na alikuwa ameiandika mara tatu. Moya ya chef ya quartier, moya ya tata Donatien mwenye plage, ile muchanga ya kando ya mayi, ku lac ya Nzilo, moya ya tata Kasimu, baba ya Moussa. Ilibakia paka saini ya shahidi, na shahidi ni Ntambwe.

"Rapport bila shahidi ni barua ya mapenzi," Tata Badibanga akasema. "Okota bic."

"Okota weye mwenyewe."

"Ntambwe!" Mama Mushiya akageuka na mwiko mu mukono. "Yee ni baba yako!"

"Mama, saa kenda lori Fuso ya tata Kasimu inatoka kwenda Lubudi, na Moussa atakuwa ndani! Banamutuma kwa muyomba yake akabebe magunia ya muhindi! Kile kiazabu hakitoshe? Tunamufwata tena na karatasi?"

"Na afwatwe!" Tata Badibanga akasema. "Karatasi njo dawa. Pasipo karatasi, kesho atashika bwato ingine, ataingiza batoto ya batu. Mi nilikuambia toka mwanzo. Shi Baluba ya Kasai hatukukuyaka apa ju ya kuogelea. Batu balituleta ju ya kazi. Lakini weye na ule mwenzako, paka lac, lac, lac!"

Lac, lac, lac. Ni kweli. Miezi ine Ntambwe na Moussa balitumika kutengeneza ile bwato yabo mu lupango, apa inje, mbele ya macho ya Tata Badibanga. Mapipa sita ya plastiki, ya bleu, yenye kulala ubavu, tatu kuume na tatu kushoto. Yulu yake tuyo, bomba ya chuma yenye Ntambwe alisudea na moto, yulu ya tuyo mbao, na yulu ya mbao mabenchi. Baliipatia jina Diplome, ju ile diplome ingine ya mu sachet haikubebe mutu hata moya. Ku Nzilo batu ya Kolwezi banaendaka dimanche kupumuzika, kukula mbuzi ya kuchoma, kupiga mafoto. Lakini banabakia paka ku muchanga, banaangaria mayi sawa banaangaria televizyo. Ntambwe na Moussa bao balitaka kubapeleka katikati, kule kwenye ile miti ya zamani yenye ilikufa mu mayi siku balifunga muto na barrage, kwenye kimya iko nyingi mupaka unasikia damu yako mu masikio.

Kazi ya Moussa ilikuwa bifuniko. Kila pipa iko na bifuniko mbili ku ubavu ya mbele: sita mara mbili, kumi na mbili. Kila kifuniko alikizungusha kipande ya chambre à air, mupira ya ndani ya gurudumu, kisha alikikaza na ufunguo ya chuma mupaka mishipa inamutoka ku shingo. Ntambwe alikuwa anamucheka: "Weye, unafunga pipa ao unafunga kaburi?" Na Moussa anajibu: "Mi nafunga ili tusifunge kaburi, bwana."

Vendredi mangaribi, siku mbili mbele ya kwenda, alifunga yote kumi na mbili. Dimanche asubui Fuso ya baba yake ikabeba bwato mupaka Nzilo. Tata Donatien alikuwa amesimama ku muchanga, mikono ku kifua. Alikuwa ameahidi: kama leo inaenda muzuri, toka juma yenye inakuya Moussa na Ntambwe bataongoza matembezi yote ya ile plage. Bwato ikaingia mu mayi, ikaelea sawa bata. Batu munane bakapanda. Tina, dada ya Ntambwe, miaka kumi na ine, akaikala mbele kabisa na chemise yake ya manjano.

Balipofika karibu na ile miti ya kufa, upande ya kushoto, kwenye batu balikuwa bengi zaidi, ikaanza kuinama. Polepole kwanza, sawa mutu mwenye analala ku kiti. Mama moya ya chorale akaanza wimbo ya kilio hata mayi haijamufikia ku magoti. Batu bakacheka. Kisha benchi ikateleza, na bote bakaenda kushoto mara moya, na hakuna mwenye alicheka tena.

Bavuvi balikuya na mabwato yabo, bakatosha batu mu mayi. Bengine bote balitoka. Lakini Tina alikuwa ameingia chini ya mbao, na mwenye alizama kumutafuta ni Moussa. Alizama mara ya kwanza, akatoka mikono mitupu. Akazama mara ya pili. Mara ya pili akatoka na chemise ya manjano, na Tina ndani yake, anakohoa.

Na ku muchanga, mbele ya batu bote, mbele ya tata Donatien, Ntambwe alimufwata Moussa akamupiga kofi.

"Hukufunga!"

"Wallahi nilifunga."

Akamupiga ingine. Moussa hakurudisha. Alibakia paka pale, mayi inamutoka ku nguo, anaangaria mikono yake sawa ni mikono ya mutu mwingine. Tata Donatien akasema, "Mutu mwenye haweze kufunga kifuniko, mi nimupatie roho ya batu?" Akageuka, akaenda zake. Ikaisha vile.

Siku mbili sasa. Ile kofi ya pili ilikuwa ingali inamuwaka Ntambwe mu mukono.

"Alikosa, ndiyo!" akamupigia baba yake kelele. "Alikosa kufunga, na mi nilimulipisha mbele ya batu, inatosha! Lakini mutu mwenye alizama mara mbili kumutosha dada yangu, simuandike muuaji! Siandike!"

"Si alikuwa anatosha kosa yake mwenyewe!"

"Yaya."

Ilikuwa sauti ya Tina. Alikuwa amesimama ku mulango ya chumba, kitenge ku mabega hata na ile moto yote, koo ingali imekauka ju ya kukohoa mayi.

"Rudia ulale," Tata Badibanga akasema.

"Nilisemaka, hakuna mutu alinisikia. Kule ku mayi, Moussa alinikamatisha pipa ili nishike. Yee akapapasa kifuniko na mukono. Akasema, 'Nani alilegeza hii?' Alisema mara mbili. 'Nani alilegeza?' Hakusema vile ju ya kudanganya mutu, yaya. Hakuna mutu alikuwa anamusikia, paka mi."

"Mutoto alikunywa mayi," Tata Badibanga akasema. "Mayi inaingiaka mu kichwa. Mama Mushiya, mupeleke akalale."

Mama Mushiya hakutikisika. Mwiko ilikuwa inadondosha bukari chini.

"Leta nione hii rapport yako," Ntambwe akasema. "Nasoma yote. Nitakuambia yenye naweza kusaini na yenye siwezi. Ile ya 'muuaji' tunafuta. Yenye kubakia tutaona."

"Soma. Njo vile mutu mwenye akili anafanyaka. Soma na page ya pili, utaona kama baba yako alikuwa anachukia ile bwato yenu. Utaona!"

Page ya kwanza, muuaji, uzembe, tarehe, saa, jina ya lac. Ntambwe akageuza. Mwandiko ya baba yake ilikuwa ya kunyoka sawa tuyo.

Akasoma kwa sauti: "'Mambo ya sécurité yenye ilifanywa mbele ya accident. Samedi, siku moya mbele ya dimanche, saa nane ya muchana, mi mwenyewe Badibanga nilikagua mapipa yote sita mu lupango. Niliyasikia yanalia ju ya jua, na niliyaona yamevimba. Kufwata kanuni ya usine, nili...'"

Akasogeza karatasi karibu na macho.

Akasoma tena, na midomo tu. Kisha akaweka kidole ku ule mustari sawa mutoto ya kwanza primaire, na akausoma kwa nguvu, neno moya moya:

"'Nililegeza bifuniko yote kumi na mbili, nusu ya kuzungusha, ili mapipa ipumue na isipasuke. Kama sikufanya vile, accident ingekuwa mubaya zaidi.'"

Yulu, mabati ikalia: to!

"Unaona?" Tata Badibanga akasema. "Unaona vile baba yako eko? Hukujua. Sikukuambia, ju mi sipendi kujisifu. Mulikuwa mumelala na ile jua, mapipa inafanya to, to, mi njo nilitoka..."

"Tata."

"...na ufunguo yangu ya zamani..."

"Tata! Weye njo ulifungua!"

"Sikufungua. Nililegeza. Ni bitu mbili tofauti. Pipa yenye kufungwa ku jua ni bombe! Uliza mutu yeyote ya usine! Mi niliona na macho yangu pipa inavimba sawa tumbo ya chura, équipe nzima iko pembeni, bote banakimbia, na mi njo nilirudia nikalegeza kifuniko! Batu saba balirudia kwa bibi yabo ju ya hii mikono!"

"Ile ilikuwa ya acide! Acide inatoaka moshi, inataka kutoka! Mu mapipa yetu mulikuwa nini? Mupepo! Mupepo tu!"

"Hata mupepo inavimba."

"Na ivimbe! Ivimbe mupaka ichoke! Pipa haipumue, Tata! Pipa ya bwato haipumue! Ikipumua inakunywa!" Ntambwe akakamata sahani ya ndagala, akamwanga ndagala yote ku meza, akaweka sahani tupu yulu ya mayi ya kunawa mikono. "Angaria! Asubui bwato iko tupu, iko yulu vile. Kifuniko kiko inje ya mayi, hata kikiwa kimelegea, hakuna kitu kinaingia, tunaona iko muzuri! Sasa batu munane banapanda." Akabonyeza sahani. "Pipa inashuka. Kifuniko kinaingia chini ya mayi. Na kimelegezwa! Nusu ya kuzungusha! Inaingia polepole, polepole, njo maana tulifika mupaka ku miti!"

Sahani ikajaa. Ikazama mu bakuli, na ikagonga chini.

Mama Mushiya akavuta kiti, akaikala. "Mvidi Mukulu, Mungu yangu," akasema polepole. Tina akafunika kinywa na kitenge.

Tata Badibanga aliangaria ile sahani. Aliiangaria sana. Mutu ya kazi ni mutu ya kazi: Ntambwe aliona ile sura ya baba yake inahesabu, pipa, uzito, mayi, kifuniko, na aliona fasi yenye hesabu ilikamilika. Macho ya baba yake ikapanda ku ukuta, ku kaske nyeupe, ikabakia kule. Na kwa saa kidogo sana, Ntambwe alizania kasirani yake itaisha, ju ule mutu mbele yake alikuwa amezeeka miaka kumi mbele ya bukari kupola.

Kisha Tata Badibanga akanyoosha mukono.

"Leta ile karatasi."

"Ju ya nini?"

"Tutatosha ule mustari, tutaufuta. Nitaandika tena page ya pili. Haina lazima kuwa ndefu vile."

Kasirani ikarudia yote, na ikakuya na bandugu yake.

"Utatosha?"

"Page ya pili ni mambo ya mbele. Accident ni ya dimanche. Batu banataka kujua ya dimanche."

"Tata, ulisikia yenye umesema na kinywa yako?"

"Usinipigie kelele!"

"Napiga! Ulijua sasa! Mbele hukujua, naweza kusema ni kosa ya muzee, ni kichwa ya usine, Mungu asamehe. Lakini sasa unajua, na unanilomba karatasi ufute! Twende. Vaa viatu, twende kwa tata Kasimu, umuambie mbele gari haijatoka. Ni njia ya nusu saa."

"Mi?" Tata Badibanga akasimama. Kiti ikaanguka nyuma yake. "Mi Badibanga nikasimame mu lupango ya mutu ya malori, niseme mi njo nilizamisha mutoto yangu mwenyewe? Miaka makumi mbili na sita! Hakuna mutu hata moya alikufa mu équipe yangu! Hata moya!"

"Na dimanche pia hakuna mwenye alikufa! Na unajua ni ju ya nani!"

"Moussa ni kijana!" Sauti ya muzee ikapasuka katikati. "Batu batasahau! Lubudi haiko kaburi, kuko batu banaishi kule, kuko treni, kuko soko. Kesho kesho kutwa atarudia, ataoa, hakuna mutu atakumbuka kifuniko. Lakini mi? Jina yangu ikianguka leo, nani ataiokota? Uniambie! Niko na siku ngapi ya kuiinua?"

"Badibanga," mama Mushiya akasema.

"Nyamaza weye!"

"Sinyamaze. Ule mutoto alinirudishia Tina. Alimubeba mu mikono kutoka ku Fuso mupaka ku kitanda, na makofi ya mutoto yako ingali mu uso. Na mi sikumuambia hata asante. Nilimufungia mulango." Alikuwa anasema na mwiko, anamuonyesha mwiko bwana yake. "Vaa viatu, Badibanga."

Tata Badibanga hakuvaa. Aliinama, akainua kiti yake, akaikala chini ya kaske, na akaweka mikono yake mikubwa ku magoti.

"Siende," akasema. "Andikeni yenye munataka. Mi siende."

Ntambwe akapiga magoti chini. Mama Mushiya alizania anaomba, hata Tina alizania vile. Lakini alikuwa anatafuta bic. Aliipata chini ya kabati, pamoya na vumbi, akaipanguza ku suruali. Akakuya ku meza, akasukuma ndagala pembeni. Ku page ya kwanza akapiga mustari yulu ya neno "muuaji," mara tatu, mupaka karatasi ikatoboka. Ku page ya pili, chini kabisa ya bifuniko kumi na mbili, akaweka saini yake, ile ndefu yenye aliweka siku ya diplome, na jina yote: Ntambwe Badibanga, shahidi.

"Ulitaka saini," akasema. "Njo ile."

Akakunja page mbili, akatia mu mufuko ya chemise.

"Ile karatasi ni yangu!" Tata Badibanga akasema.

"Copie tatu, Tata. Moya ya tata Kasimu. Weye mwenyewe uliandika jina yake yulu."

"Ntambwe. Ukitoka na ile karatasi..."

"Ninatoka nayo."

"Ukitoka nayo, usinihesabie kuwa baba yako!"

"Nitaenda kwanza kwa tata Kasimu, nitapigwa kofi mbili, ju zinanihusu. Kisha nitapita kwa tata Donatien. Kisha nitarudia apa na utaniambia tena kama hauko baba yangu. Bukari munibakishie."

"Haibaki!"

"Itabaki," mama Mushiya akasema.

Ku mulango, Ntambwe alitaka kuupiga kwa kishindo. Toka asubui alikuwa anawaza paka vile ataupiga, mupaka kaske ianguke ku musumari. Lakini ule mulango ulianguka ku bawaba toka zamani, haupigike. Ukiuvuta tu, unashika ku simenti, unabaki wazi, na batu bote banakuangaria vile unahangaika. Baba yake njo alimufundisha akiwa mutoto ya miaka mitano: unaushika na mikono mbili, unauinua kwanza, kisha unavuta.

Inje jua ilikuwa nyeupe kabisa. Mu lupango, fasi yenye bwato ilikuwa, majani ilikuwa imekufa mistari sita.

Ntambwe akaushika mulango na mikono mbili. Akauinua. Akaufunga.